Mkuu, msimamishe huyo fundi kabla hajafunga mbao (mtungi wa gesi kwenye gari la kulala)

Nimesoma bandiko lako mara mbili, mkuu uliyeko Bagamoyo, na mara ya pili makovu ya miundi yakaanza kuniwasha. Unasema Coaster yako, basi dogo unalogeuza gari la kulala, imeshang'olewa viti, kitanda kimesimama, na fundi amekushauri mtungi wa kilo 15 uingie chini ya kitanda, ndani ya kabati la plaiwudi lililozibwa vizuri harufu isije ndani, halafu atoboe matundu mawili kwenye paa ili gesi ikivuja itokee juu. Ukamalizia na maswali matano: mtungi wa kilo ngapi, friji ya gesi au ya betri, maji ya moto ya kuogea, gesi iachwe wazi gari likitembea au ifungwe, na yote yatakugharimu kiasi gani. Salamu baadaye. Mpigie fundi sasa hivi, mwambie aweke drili chini.

Gesi ya kupikia haipandi juu. Inaanguka. Hilo ndilo lililonitoa kitandani kuja kuandika, na ukitaka unaweza kuishia hapa hapa. Iliyomo mtungini ni propani na butani zimechanganywa. Propani ina uzito kama mara moja na nusu ya hewa, butani kama mara mbili. Ikivuja ndani ya gari inafanya yale ambayo maji yangefanya: inatafuta sakafu, inajikusanya kwenye kona, inaingia uvunguni na kutulia kimya. Tundu la paa haliitoi, kama vile huwezi kumwaga ndoo kwa kutoboa mfuniko wake. Litakuingizia mvua ya masika, basi.

Mimi nilifundishwa kinyume chake na nikalipa. Mwaka 2018 nilikuwa na Coaster kuukuu iliyochoka kubeba abiria wa Horohoro. Nikaing'oa viti, nikaota ndoto zile zile unazoota wewe: leo Pangani, kesho Lushoto, kesho kutwa tunalala Saadani. Nikampata fundi wa Ngamiani, mtu anayefungia gesi majumbani na kwa mama lishe, mikono yake safi kweli, kazi yake ya mbao ukiitazama unaweza kulia. Kabati la mtungi alilitengeneza kama la vyombo vya harusi. Silikoni kila kona, mlango una mpira, mende hapiti. Nikamuuliza, fundi, gesi ikivuja je? Akacheka. "Bosi, gesi si mvuke? Mvuke unapanda. Tunaupa njia juu unakwenda zake." Akapandisha bomba la plastiki kutoka juu ya kabati hadi paani, akalivisha kifuniko cha bati kama kofia. Nikampa elfu hamsini ya asante juu ya hela yake. Hiyo elfu hamsini inaniuma mpaka leo kuliko mamilioni yaliyofuata.

Sasa angalia alichokifanya yule bingwa bila kujua. Kabati lote limezibwa. Juu kuna bomba ambalo gesi haina haja nalo. Chini kuna upenyo mmoja tu, tundu la kupitishia mpira wa gesi kwenda kwenye jiko, vidole vitatu kutoka sakafuni. Na tundu hilo linafungukia wapi? Ndani ya gari, kwenye zulia, tunapoweka miguu. Yaani alikuwa ameijengea gesi barabara moja, nayo inaishia chumbani kwangu.

Barabara ya Tanga kwenda Pangani wakati ule ilikuwa vumbi na mawimbi mawimbi mwendo wote, kilomita kama 50 za kutikiswa meno. Tukavuka na kivuko kwenda Bweni, alasiri tuko Ushongo chini ya minazi. Mke wangu akapika wali wa nazi. Tulipomaliza nikazima jiko kwa koki ya jiko. Mtungi sikuufunga. Kuufunga kulitaka ninyanyue godoro, nitoe ubao, niingize mkono mpaka kwapani, na nani atafanya hivyo kila baada ya kuchemsha chai? Nami sikujua kwamba ile mitikisiko imelegeza klipu inayobana mpira kwenye shingo ya regulata, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza presha ya gesi. Jiko limezimwa, sawa, lakini mpira umejaa gesi na mtungi uko wazi, unapumua pole pole usiku kucha.

Saa tano usiku mke wangu ananiamsha. "Baba Zuhura, nasikia harufu." Nikamwambia ni ng'onda, samaki mkavu. Tulikuwa tumenunua ng'onda Pangani, kikapu kizima, kiko karibu na mlango. Akasema ng'onda hanuki kitunguu kilichooza. Nikasema lala.

Naomba usome hapo tena, kwa sababu fundi nitamlaumu mpaka kaburini lakini hapa sina wa kumsingizia. Gesi yenyewe haina harufu. Ile harufu ya kabichi au kitunguu kilichooza ni dawa inayotiwa makusudi, inaitwa merkaptani, itiwe kidogo tu pua inaikamata. Imetiwa ili mtu kama mke wangu aamke. Naye aliamka. Tatizo lilikuwa ni mume. Halafu kitanda kilikuwa kimo cha kiuno, madirisha ya juu wazi, upepo wa bahari unaingia, kwa hiyo pua zetu zilikuwa juu ya ziwa lenyewe la gesi. Tulisikia ukingo wake tu. Lingetufika puani sawasawa, hata mimi nisingesema ng'onda.

Alfajiri nikashuka kuchukua udhu. Nikafungua bomba la sinki. Pampu yangu ya maji ni ya volti 12, ina swichi yake inayojiwasha ukifungua bomba, na imefungwa chini ya sinki, karibu na sakafu. Swichi ikalia tik.

Nikaona bluu. Sauti yake si mlipuko kama wa sinema, ni kama mtu amekung'uta shuka kubwa kwa nguvu mara moja. Moto ukakimbia juu ya zulia, ukaingia uvunguni, ukanirudia. Kikoi kikashika. Mke wangu alitokea dirisha la nyuma hata sijui vipi, ni mwanamke mwenye mwili wake, dirisha dogo, lakini alitoka. Watoto, namshukuru Mungu, walikuwa wamelala kwenye hema nje na binamu zao kwa sababu walisema garini kuna joto. Hilo joto la Ushongo ndilo lililowaokoa.

Nywele zangu za kichwani haukuungua hata unywele mmoja. Ndevu zipo, nyusi zipo. Kuanzia magotini kwenda chini nilichunika kama muhogo wa kuchemsha. Mtu akikwambia gesi inapanda juu mwambie kuna jamaa Tanga ana ramani ya jinsi gesi inavyokaa, imechorwa kwenye miguu yake, mpaka wa juu unaonekana kabisa.

Mpira ulipoungua mtungi ukaendelea kuwaka shingoni kama mwenge. Wavuvi walitushika tukae mbali mpaka ulipoisha, na walifanya vyema, maana nilikuwa nataka kurudia simu. Gari likabaki bodi. Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo. Gari langu lilifika jana yake na kuondoka asubuhi ile moja kwa moja. Nikavushwa kwa mashua, wiki tatu nikawa nalala hospitalini. Njiani shemeji mmoja mwenye huruma alinipaka dawa ya mswaki miguu yote miwili, na muuguzi alipoikwangua niliimba nyimbo ambazo sijawahi kufundishwa. Moto ukikushika ni maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, si Colgate. Gari na ukarabati vilinikata milioni 14. Watu wa bima walinipokea kwa adabu, wakanipa soda, wakanionyesha mstari unaosema gari limekatiwa bima ya kubeba abiria, si ya kupikia wali.

Nilipoanza kutembea na gongo nilimfuata fundi. Nilidhani ataomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema: "Bosi, labda lile tundu la juu lilikuwa dogo."

Labda tundu la juu lilikuwa dogo! Na ni huyo huyo aliyeniambia ana miaka 12 hajaunguza mtu. Kweli hajaunguza, kwa sababu nyumba zilimsamehe. Nyumba haitikiswi kilomita 50. Mlango wa jikoni una uwazi chini, gesi ikivuja inatambaa zake uani. Mama lishe anapika barazani. Ukichukua ujuzi huo ukauingiza kwenye sanduku la bati lenye magurudumu, umechukua mvuvi ukamkabidhi ndege arushe.

Na nisijifanye malaika, ile kofia ya paani niliileta mimi. Nilimwonyesha video ya Wamarekani kwenye simu, gari-nyumba lao lina kifuniko juu ya paa, nikasema fundi nataka kama hivi. Hospitalini, muda ninao, nikaitazama ile video upya, safari hii nikiisikiliza. Kile kifuniko ni cha friji! Friji zao nyingi zinatumia moto mdogo wa gesi nyuma yake, na ule ukuta wa nyuma una tundu la chini la kuingiza hewa na la juu la kutolea joto na moshi. Moshi wa moto ni mwepesi kwa sababu ni wa moto, ndiyo maana unapanda. Gesi iliyovuja bila kuwaka ni kitu kingine kabisa. Na mitungi yao iko wapi? Kwenye matrela yao ya kuvutwa imesimama nje kabisa, mbele, juu ya ule mkono wa kuvutia. Kwenye magari yenye injini tangi liko kwenye chumba chake kinachofunguliwa kwa nje. Wazungu wa Ulaya wanaouweka kwenye kabati, kabati hilo mlango wake uko nje ya gari, upande wa ndani limezibwa kabisa, na sakafu yake imetobolewa. Tuliiga kofia tukaacha suruali.

Kuna mdau hapo juu amekwambia tatizo ni dogo, kilo moja mbili zikivuja haziwezi kufanya kitu kwenye gari kubwa. Ndugu yangu, kaa nikuhesabie. Kilo moja ya gesi hiyo ikiwa mvuke ni karibu nusu ya mita ya ujazo. Ndani ya Coaster ni kama mita za ujazo 20. Propani ikifika asilimia 2 hivi tu ya hewa iliyomo inakubali kuwaka, na asilimia 2 ya 20 ni 0.4. Kwa hiyo hata kilo nzima haihitajiki, na hapo nimekuhesabia kana kwamba imekorogwa vizuri gari zima. Haikorogwi. Inakaa kwenye zulia, kwa hiyo gramu mia kadhaa zinatosha kuunguza miguu ya mtu anayetaka kuswali. Mleta uzi anataka kulala juu ya kilo 15.

Na yule aliyeshauri feni ndogo ya kunyonya hewa uvunguni, asante, lakini feni nyingi za kawaida za gari zina brashi zinazotoa cheche. Utakuwa umeweka kiberiti pale pale gesi inapolala.

Sasa fanya hivi. Mtungi utoke chumbani. Mimi siku hizi nina Hiace, na nyuma nimechomelewa sanduku la bati ambalo upande wa ndani halina tundu wala mlango, mlango wake unafunguliwa ukiwa umesimama nje. Kwenye sakafu ya sanduku, chini kabisa, kuna tundu la sentimita 10 kwa 10, lina wavu wa panya, linatazama ardhi moja kwa moja. Halikai juu ya ekzosi. Hakuna waya wa umeme unaopita humo, hata wa taa. Mtungi umesimama wima umefungwa mkanda, kwa sababu ukilazwa kinachotoka ni gesi ya maji maji na jiko litakutemea moto wa kimo chako. Bomba la shaba linaingia ndani kupitia tundu moja lililobanwa mpira mpaka halina nafasi. Na kwa kuwa mlango uko nje, kufunga mtungi kunachukua sekunde mbili. Ndiyo maana siku hizi naufunga. Sikuwa mzembe kuliko watu wengine 2018, nilikuwa na mtungi mahali pabaya.

Utajuaje kama kazi ya fundi wako imekubali? Usimwulize. Chukua ndoo ya maji, mwaga ndani ya sanduku. Maji yote yakianguka chini ya gari papo hapo, gesi nayo itaanguka. Yakibaki kwenye kona, gesi itabaki kwenye kona. Yakionekana hata tone ndani ya gari, hapo hapana kazi, anza upya, na usimlipe. Jaribio hilo linagharimu ndoo moja ya maji na nimelifanya kwenye magari manne ya watu hapa Tanga. Matatu yalifeli, moja la jamaa aliyekuwa ananiambia fundi wake amesomea Ulaya.

Mengine kwa haraka. Povu la sabuni kwenye kila kiungo kila baada ya barabara mbaya. Ukiona mapovu yanakua, kaza au badilisha, usinuse nuse na kiberiti mkononi kama mjomba wangu. Regulata iwe ya majiko ya nyumbani, si ile ya majiko makubwa ya biashara. Kengele ya gesi ifungwe usawa wa kifundo cha mguu, usiruhusu mtu akufungie darini. Ya kaboni monoksaidi, ile sumu ya moto unaowaka bila hewa ya kutosha, ni nyingine, hiyo iwe karibu na kichwa cha kitanda, na ukienda Lushoto baridi ikakubana vaa sweta, usiwashe jiko ulale nalo madirisha yamefungwa. Hiyo haina harufu wala ng'onda wa kumsingizia. Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Toka na watu wako, acha milango wazi, funga mtungi kwa nje.

Maswali yako, ndiyo. Gari likitembea mtungi ufungwe, na kwenye kivuko na sheli usiniulize mara mbili. Mitungi miwili ya kilo 6 badala ya mmoja wa 15, sanduku linakuwa dogo na mmoja ukiisha una mwingine. Maji ya moto pwani hii ya nini? Paka dumu rangi nyeusi uliweke juani. Friji sijui nikwambie nini, mimi natembea na boksi la barafu tangu siku ile, ngoja wenye nazo waje. Gharama ilikuwa swali la ngapi? Hata sikumbuki, na sitaki kukutajia bei ya kitu kabla sijajua kinakaa wapi.

Kesho asubuhi ingia chini ya gari na simu yako, piga picha ukiwa umelala chali, uitume hapa. Halafu piga nyingine kutoka ndani ya sanduku kwenda chini. Nataka kuona mchanga wa Bagamoyo kupitia hilo tundu.

Umempigia lakini?